Intaneti ya nyumba na intaneti ya biashara: mteja wa mashariki analipia nini kweli?

Saa mbili ya usiku, watoto wametoka masomo, wazazi wametoka kazini, na mu kartie nyingi za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia kila simu inatafuta intaneti kwa wakati moja. Video inazunguka bila kufunguka. Ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp unabaki na kisaa kidogo pembeni, hauendi. Kesho yake, mwenye kufungua sekretaria ao biro ndogo anapokea kijana wa mauzo mwenye karatasi ya bei mkononi. Kijana anamueleza kama akitoka kwenye forfe ya nyumba na kupanda kwa forfe ya biashara, taabu yote hiyo itaisha.

Bei ya forfe hiyo inaweza kuwa mara mbili, mara tatu, hata zaidi kupita ile ya nyumba. Kwa mtu anayefanya fotokopi na kuandika barua za watu, ni pesa ya kodi ya nyumba ao ya masomo ya mtoto. Kwa hiyo swali linafaa kuulizwa vizuri: ile pesa ya kuongeza inanunua nini? Jibu linashangaza watu wengi. Mara nyingi hainunui mwendo mkubwa zaidi. Inanunua ahadi: ahadi ya kutogawana laini na watu wengi, ahadi ya kutengenezewa haraka, ahadi ya kupewa nafasi ya kwanza. Na ahadi isiyoandikwa popote, mteja hawezi kuidai.

Njia ya kufika baharini ni moja

Kwanza inafaa kujua intaneti inatokea wapi. Sehemu kubwa ya intaneti ya dunia inapita mu nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kongo iko na mlango wake kule Muanda, fasi nyaya ya WACS ilianza kutumika mwaka 2013. Lakini Muanda iko mbali sana na Kivu. Mtu akitazama ramani, ataona kama Goma iko karibu zaidi na Mombasa kuliko na Muanda. Kutoka Kivu na Ituri, njia fupi ya kufika baharini inapitia Rwanda na Uganda, mpaka kwenye nyaya za Mombasa na Dar es Salaam: SEACOM na TEAMS zilizofunguliwa 2009, na EASSy iliyofuata 2010.

Nyaya hizo zinakatika. Mu mwezi wa nane 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari mbele ya mdomo wa mto Kongo na kukata WACS. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zikapata shida pamoja, na intaneti ikalegea mu nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Siku kama hizo, mwenye forfe ya nyumba na mwenye forfe ya biashara wanaona shida moja ikiwa kampuni yao inapitia njia moja tu. Kuongeza bei hakutengenezi nyaya iliyokatika baharini.

Ndiyo maana swali la maana zaidi kwa kampuni si la mwendo. Ni hili: njia yenu ikikatika, muko na njia ya pili? Kampuni inayoweza kugeuza wateja wake kutoka njia ya Rwanda kwenda ya Uganda, ao kutoka nyaya kwenda satelite, inauza kitu cha kweli. Ile isiyokuwa na njia ya pili inauza jina tu.

Mwendo: kuhesabu mega bila kudanganyika

Kwenye karatasi ya bei mtu anasoma “Mega 8” ao “Mega 20”. Hapa njo watu wengi wanapotea, juu kuko mega mbili zisizofanana. Mega ya mwendo inahesabiwa kwa biti. Mega ya faili, ile inayoonekana kwenye picha na video, inahesabiwa kwa okteti, na okteti moja ni biti 8. Kwa hiyo laini ya mega 8 kwa sekunde inashusha faili ya mega 1 kwa sekunde, si mega 8. Faili ya mega 200, tuseme video fupi ya harusi, itashuka kwa sekunde 200, ni kusema dakika tatu na sekunde 20. Hapo ni kama hakuna mtu mwingine kwenye laini.

Jambo la pili ni kupandisha. Forfe nyingi za nyumba zinatoa mwendo mkubwa wa kushusha na mwendo mdogo wa kupandisha, juu familia inatazama zaidi kuliko inavyotuma. Lakini studio ya picha, radio, ao biro ya shirika inatuma kila siku. Ile video ya mega 200, kwenye laini inayopandisha mega 1 kwa sekunde, itachukua sekunde 1,600, karibu dakika 27. Umeme ukikatika kwenye dakika ya 25, wakati mwingi inarudi kuanza upya. Forfe ya biashara ya kweli mara nyingi inatoa mwendo sawasawa pande zote mbili. Kwa mtu anayetuma kazi kubwa, hiyo peke yake inaweza kustahili bei. Kwa mtu anayesoma tu habari na kupokea ujumbe, hataona tofauti.

Jambo la tatu, na kubwa, ni kugawana. Kampuni haimpe kila mteja wa nyumba laini yake peke yake. Inachukua laini moja na kuigawa kwa watu wengi, ikijua kama hawatumii wote saa moja. Tuseme laini ya mega 20 inagawanywa kwa wateja 20. Saa ine ya asubuhi, wakiwa wawili tu, kila mmoja anafurahi. Saa mbili ya usiku, wakiwa wote 20, kila mmoja anabaki na mega 1. Hakuna aliyeibiwa: ni vile forfe ilivyotengenezwa. Ile ndiyo maana ya maneno “mpaka mega 20”. Neno “mpaka” linaonyesha juu kabisa, halisemi kitu juu ya chini.

Kwenye forfe ya biashara, kugawana kunapungua: laini moja kwa wateja watano, ao wawili, ao mteja mmoja peke yake. Laini ya mtu mmoja ndiyo ya bei kali. Lakini kuko forfe zinazoitwa za biashara ambazo zinagawanywa sawa na za nyumba. Jina limebadilika, fakture imebadilika, laini ni ile ile. Mteja asipouliza “tunagawana wangapi?”, hawezi kujua.

Tena, watu wengi wa mashariki hawana laini ya nyaya hata kidogo. Wako na kadi ya simu ndani ya modemu ao kisanduku cha Wi-Fi, na wanategemea antene ya kartie. Kwenye antene, kugawana ni kukubwa zaidi: kila simu iliyo karibu inachukua sehemu yake. Mtu akiuziwa forfe ya biashara inayopitia antene ile ile ya simu, aulize kama anapewa nafasi ya kwanza, ao kama anapanga mstari na wote.

Kutokatika: asilimia na umeme

Karatasi za mauzo zinapenda asilimia. “Laini yetu inatembea kwa 99%.” Inasikilika vizuri, lakini inafaa kupiga hesabu. Mwezi wa siku 30 uko na saa 720. Asilimia moja ya saa 720 ni saa 7 na dakika 12. Kwa hiyo kampuni inaweza kumkatia mteja zaidi ya saa saba kila mwezi na kusema imetimiza ahadi. Kama ahadi ni 99.9%, kukatika kunashuka mpaka dakika 43 kwa mwezi. Tofauti kati ya zile namba mbili inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa kliniki inayotuma picha za radio kwa daktari wa muji mwingine, ni tofauti kati ya jibu la leo na jibu la kesho.

Na ahadi hiyo iko na kazi ikiwa mkataba unasema kitu gani kinafuata ikivunjwa. Je, mteja anarudishiwa pesa ya siku alizokosa? Fundi anafika kwa saa ngapi? Kuko namba ya kupiga siku ya yenga? Mkataba usiosema chochote juu ya hayo ni mkataba wa nyumba uliovalishwa koti.

Kisha kuko umeme. Bukavu inategemea sana mitambo ya mto Ruzizi: Ruzizi ya kwanza iliyojengwa wakati wa ukoloni, na Ruzizi ya pili iliyoanza 1989. Mitambo hiyo haitoshi tena kwa muji uliokua hivi, na delestaji ni mambo ya kila siku. Goma iko na kampuni nyingi za umeme, lakini vita ya mwanzo wa 2025 ilionyesha vile laini ya umeme ikipigwa, muji mzima unaingia gizani. Laini nzuri zaidi ya intaneti haina kazi kama kisanduku cha Wi-Fi kimezimika.

Hapa njo fasi ambapo pesa ndogo inaweza kushinda forfe kubwa. Kisanduku cha kawaida cha Wi-Fi kinakula umeme kidogo, kama wati 10. Betri ndogo na paneli ya jua vinatosha kukishikilia usiku mzima. Mwenye biro anayeweka pesa yote kwenye forfe ya bei kali bila kuweka betri, anashangaa kuona jirani mwenye forfe ya nyumba na betri akifanya kazi wakati yeye anangoja umeme.

Kuko pia kukatika ambako hakuna mkataba unaokinga. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, serikali iliamuru intaneti ifungwe, na ilirudi baada ya karibu siku 20, mu mwezi wa kwanza 2019. Biashara zilizokuwa zinategemea intaneti peke yake zilijifunza siku hizo kuweka hesabu kwenye daftari pia.

Bei: anayenunua kadogo analipa zaidi

Uchumi wa kadogo unajulikana na kila mtu hapa: mafuta ya kipimo kidogo, sukari ya kikombe, sabuni ya kipande. Intaneti nayo inauzwa hivyo: forfe ya saa moja, ya siku moja, ya juma. Inasaidia, juu watu wengi hawapate pesa ya mwezi mzima kwa mara moja. Lakini kwa giga moja, kadogo njo bei ya juu kabisa.

Tuchukue mfano wa kupiga hesabu tu, si bei ya kampuni yoyote. Mtu ananunua kila siku forfe ya franka 1,000 inayompa mega 300. Kwa siku 30 ametoa franka 30,000 na amepata karibu giga 9. Jirani yake amenunua kwa mara moja forfe ya mwezi ya giga 20 kwa franka 30,000 zile zile. Wa kwanza amelipa zaidi ya mara mbili kwa kila giga, na giga zake zilizobaki kila usiku zilipotea saa ya forfe ilipoisha. Kila familia inaweza kufanya hesabu hiyo kwa bei za kampuni yake: kuandika kwenye karatasi unite zote zilizonunuliwa mu mwezi mmoja na wote wa nyumba, kisha kulinganisha na abonema ya mwezi. Wengi watakuta kama simu tano za nyumba moja zimekula pesa ya kutosha laini moja ya Wi-Fi.

Kwa upande wa biashara, hatari ni nyingine: bei iliyofichika. Bei ya biashara mara nyingi inaandikwa bila kodi. TVA ni 16%, kwa hiyo dola 100 za kwenye karatasi zinakuwa dola 116 kwenye fakture. Kuko bei ya kufunga vifaa, bei ya kukodi kisanduku, na mkataba wa miezi 12 ambao mteja hawezi kutoka bila kulipa. Tena fakture iko kwa dola, wakati mwenye butike anaingiza franka. Franka ikishuka, abonema inapanda bila mtu kubadilisha bei.

Watu wanakumbuka RAM, ile taksi ya simu iliyoanza Septemba 2020. Ilikuwa dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G ao 4G, na ilikatwa kidogo kidogo kwenye unite mpaka kelele za wananchi zikafanya iondolewe mwaka 2022. Ilifundisha jambo moja: kinachokatwa kidogo kidogo hakionekani haraka. Fakture ya intaneti inafaa kusomwa mstari kwa mstari.

Satelite imeingia kati

Zamani, fasi ambapo nyaya haifiki, kama mashirika na migodi ya mbali, walitumia sahani kubwa ya satelite inayotazama juu sana, karibu kilomita 36,000. Ilikuwa bei kali, na sauti ilichelewa zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Starlink inatumia satelite za chini, karibu kilomita 550, na kuchelewa kunashuka sana, mpaka mazungumzo ya video yanawezekana vizuri.

Mu Kongo safari yake haikuwa rahisi. Machi 2024, ARPTC, mamlaka ya serikali inayosimamia simu na intaneti, ilitangaza kama kuitumia bila ruhusa ni kosa. Mwezi wa tano 2025, ARPTC hiyo hiyo ikatoa leseni. Kwa Walungu, Walikale ao Punia, fasi ambapo nyaya haitafika kesho, ni mlango uliofunguka.

Lakini nayo iko na forfe ya nyumba na forfe ya biashara, na tofauti ni ile ile: mwenye kulipa zaidi anapewa nafasi ya kwanza kwa idadi fulani ya giga, na zikiisha mwendo wake unashuka. Vifaa vinalipwa mbele, na mara nyingi kulipa kunaomba kadi ya benki, jambo gumu mu miji ambayo benki zilifunga milango tangu vita ya 2025. Tena sahani yake inakula umeme zaidi, kati ya wati 50 na 100. Ikishinda na kulala inafanya kazi, inaweza kula kilowati-saa mbili kwa siku. Paneli moja ndogo haitatosha.

Kila kazi na laini yake

Familia yenye watoto wa masomo haihitaji forfe ya biashara. Inahitaji abonema ya mwezi kuliko kadogo, na betri ndogo ya kisanduku.

Wakala wa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money anayetumia namba za nyota na reli haitaji hata intaneti: kazi yake inapita kwenye antene ya simu bila mega. Kwake, kadi mbili za kampuni tofauti na simu yenye betri nzuri vina maana kuliko forfe yoyote. Tangu benki zilipofunga Goma na Bukavu, watu wengi wanategemea wakala huyo kwa kupokea pesa ya familia, kwa hiyo si jambo dogo.

Sekretaria, studio na radio ndogo wanahitaji mwendo wa kupandisha. Wengine watakuta kama laini mbili za nyumba, za kampuni mbili tofauti, zinawapa usalama kuliko laini moja ya biashara kwa bei ile ile. Moja ikianguka, wanahamia nyingine.

Hospitali, chuo kikuu, na biro yenye watu 20 wanaofanya kazi pamoja, hao ndio wa forfe ya biashara kweli: laini isiyogawanywa, fundi mwenye saa ya kufika iliyoandikwa, na njia ya pili.

Mbele ya kutia sahihi

Mwenye kutaka kulipa zaidi anaweza kumuuliza kijana wa mauzo mambo matano. Laini hii tunagawana watu wangapi? Mwendo wa kupandisha ni kiasi gani, na wa chini kabisa ni upi? Ikikatika, fundi anafika kwa saa ngapi, na pesa ya siku zilizokosekana inarudi? Njia yenu ya pili kwenda baharini ni ipi? Bei hii iko na TVA ao bado? Majibu yote yaandikwe ndani ya mkataba, si kwenye WhatsApp ya muuzaji.

Kisha kupima. Kwenye simu, Fast.com ao Speedtest inatosha. Inafaa kupima kwa siku saba, asubuhi, saa sita na saa mbili ya usiku, na kuandika namba kwenye daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo njo ushahidi. Mteja akienda kwa kampuni na kusema “intaneti ni mbaya”, ataambiwa azime kisanduku na kukiwasha tena. Akienda na namba za siku saba na mkataba unaosema mega ngapi, mazungumzo yanabadilika. Na kampuni ikikataa kusikia, sheria ya 25 Novemba 2020 juu ya simu na intaneti inaipa mamlaka ya serikali kazi ya kuzisimamia kampuni hizo.

Malalamiko ya mtu mmoja yanasahaulika haraka. Wenye biro za avenue moja wakipima juma moja pamoja na kuleta madaftari yao pamoja, ni vigumu kwa kampuni kusema shida iko kwenye simu ya mteja.